Kamera kwa Mikono Itetemekayo
Yule ambaye mikono yake hutetemeka, ama kwa umri ama kwa maradhi, asidhani kuwa kupiga picha za ndege kumekuwa haramu kwake, kwani kamera haina sharti la kubebwa mkononi. Na atie mchele katika kifuko cha kitambaa, akilaze ukingoni mwa dirisha la gari lililozimwa injini, aegemeze lenzi juu yake, na kasi ya shata aiweke 1/2000 ya sekunde, ambayo humtuliza ndege arukaye na, kwa rehema, huuficha pia mtetemo wa mpigaji. Rimoti nayo humwondolea taabu ya kubonyeza kamera yenyewe. Ghuba ya Mida, karibu na Watamu, ni mahali panapostahiki kwa picha hizo: bamvua lijaapo, ndege wa matopeni husogea karibu wenyewe.