Kidato cha Tano au Chuo: Mazungumzo na Wazazi wa Kata ya Mpemba

Yafuatayo ni mazungumzo ya Afisa Habari na Mawasiliano wa Halmashauri mbele ya wazazi na wahitimu wa kidato cha nne wa Kata ya Mpemba. Salamu ndefu na matangazo ya mwanzo yamepunguzwa.



Nimeombwa niseme juu ya swali ambalo kila mwaka, matokeo yakishatoka, huwaleta wazazi wengi ofisini kwetu. Mtoto amefaulu, je, asubiri kidato cha tano, au aende chuo moja kwa moja? Wengine huja kuuliza wakiwa wameshalipa. Hao ndio wanaoninyima usingizi.

Mimi sikusoma kidato cha tano. Nilipomaliza kidato cha nne, alifika nyumbani mtu aliyejitambulisha kuwa wakala wa chuo. Alikuwa na fomu za rangi, muhuri, na picha ya jengo zuri. Mama yangu aliuza mahindi aliyokuwa ameyahifadhi kungoja bei ipande, akalipa. Nikasoma miezi minane. Ulipofika wakati wa kusajiliwa kwa mitihani, tukaambiwa kozi yetu haikuwa na idhini. Jengo lilikuwapo, walimu walikuwapo, madawati yalikuwapo. Kilichokosekana ni ruhusa ya kufundisha kozi ile. Nikarudi nyumbani, nikabeba mizigo mpakani kwa muda, kisha nikaanza upya mahali pengine kwa ngazi ya chini kabisa, hadi nikapata stashahada ya mawasiliano ya umma ambayo ndiyo inayonilisha leo. Kwa hiyo sikuja kuwakataza watoto wasiende chuo. Mimi mwenyewe ni zao la njia hiyo. Nimekuja kwa sababu ya yale mahindi ya mama.

Sasa tuzitazame njia zenyewe. Kidato cha tano humtaka mtoto awe na ufaulu wa daraja C au zaidi katika angalau masomo matatu, nayo masomo ya dini hayahesabiwi. Anasoma miaka miwili, na tangu mwaka wa fedha 2022/2023 Serikali imeondoa ada ya kidato cha tano na sita katika shule zake. Chuo cha kati humpokea mwenye ufaulu wa angalau daraja D katika masomo manne yasiyo ya dini, kisha kila kozi ina masharti yake. Hapo ndipo wengi wanapojikwaa. Mtoto ana D nne, mzazi anaambiwa zinatosha, naye anataka utabibu au uuguzi. Hazitoshi mpaka miongoni mwake zimo Kemia, Baiolojia na Fizikia. Binti mwenye Historia nzuri na Kiswahili kizuri, lakini Fizikia ina F, hawezi kuwa muuguzi kwa njia hiyo hata wakala aape kwa Mungu. Anaweza kurudia somo hilo akiwa mtahiniwa wa kujitegemea, au akachagua fani nyingine. Ni heri aambiwe sasa, akiwa amekaa sebuleni kwao, kuliko kuambiwa mwakani kwenye dirisha la udahili.

Wapo wanaodhani kwamba anayekwenda chuo baada ya kidato cha nne amejifungia mlango wa chuo kikuu. Si kweli. Anapanda kutoka astashahada ya awali hadi stashahada kwa miaka ipatayo mitatu, na akiwa na GPA isiyopungua 3.0 anaweza kuomba shahada. Anayepitia kidato cha sita na kusoma shahada ya miaka mitatu atatumia miaka mitano. Anayepitia stashahada atatumia sita. Tofauti ni mwaka mmoja, ila wa pili katikati ya safari anayo taaluma mkononi. Baba akiugua, au biashara ikianguka, mtoto mwenye stashahada anaweza kusimama na kufanya kazi. Mwenye cheti cha kidato cha sita peke yake hana fani ya kuombea kazi. Hata hivyo, mtoto mwenye ufaulu mzuri wa sayansi, anayetamani udaktari au uhandisi, na ambaye nyumbani hawana haraka naye, mimi ningemwacha aende kidato cha tano. Hayo ni maoni yangu. Mwalimu wa ushauri na unasihi anayemjua mtoto anaweza kuona vingine, naye asikilizwe kuliko mimi.

Juu ya gharama nisikawie. Bajeti ya mwaka 2023/2024 ilitangaza kufutwa kwa ada kwa wanaochaguliwa kujiunga na vyuo vya ufundi vya Serikali: DIT ya Dar es Salaam, ATC ya Arusha na MUST ya hapa jirani Mbeya. Mwaka huohuo Bodi ya Mikopo ilianza kuwakopesha wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele, zikiwamo afya, nishati, usafirishaji, madini, kilimo na ualimu wa sayansi. Lakini mkopo huombwa kwa nyaraka, na nyaraka ndizo ugonjwa wetu. Cheti cha kuzaliwa hutakiwa kuhakikiwa na RITA. Mpakani hapa tunao watoto waliozaliwa safarini, waliolelewa na bibi, walioandikishwa shule kwa jina la baba wa kambo. Cheti cha kuzaliwa kinasema hivi, cheti cha Baraza la Mitihani kinasema vile. Mzazi, leo ukifika nyumbani, viweke vyeti hivyo viwili mezani usome herufi kwa herufi. Ukiona tofauti, anza kuirekebisha wiki hii. Usingoje dirisha la mkopo lifunguliwe.

Nirudi kwa mawakala. Chuo cha kati halali kimesajiliwa na NACTVET, na Baraza hilo hutoa mwongozo wa udahili unaoonyesha vyuo, kozi, sifa za kujiunga na ada. Tafuta jina la chuo, kisha tafuta kozi yenyewe. Watu wengi huishia kwenye jina. Mimi niliangamia kwenye kozi. Pili, chuo cha Serikali hulipwa kwa kumbukumbu namba ya malipo, na hakuna ofisa wake anayepaswa kukuomba utume fedha kwenye simu yake binafsi. Anayekuharakisha kwamba nafasi zimebaki mbili na mwisho ni leo jioni, mwambie utamjibu kesho, kisha njoo kata uulize.

Kuna jambo la uchaguzi pia. Mwanafunzi hujaza machaguo yake kabla ya mtihani, lakini matokeo yakitoka OR-TAMISEMI hufungua muda wa kubadilisha tahasusi au kozi za chuo kwenye mfumo wa kielektroniki. Mwaka 2024 tahasusi ziliongezwa zikafika 65, na wazazi wengi tuliosoma enzi za tahasusi chache hatuzijui hata majina. Asije mtoto akaachiwa kazi hiyo kwenye simu ya rafiki yake huko stendi. Keti naye.

Kisha ipo ile miezi kati ya matokeo na Julai. Wenzetu wa wilaya nyingine huiita likizo. Tunduma si likizo. Malori yamepanga foleni, Nakonde iko hatua chache, kijana anaanza kubeba mizigo au kubadilisha kwacha, na fedha ya kila siku ina utamu wake. Nimeonja utamu huo. Barua ya kujiunga inapofika, wengine hawaifungui. Simlaumu kijana anayesaidia nyumbani. Naomba mzazi asiizoee fedha ile kiasi cha kuiogopa barua.

Na akienda chuo, bado ni mtoto. Ana miaka kumi na saba, amepanga chumba Mbeya, hakuna kengele ya kumwamsha wala mwalimu wa zamu. Kabla ya kulipia chumba cha mtaani, uliza bweni la chuo, hasa kwa mabinti. Mjue mshauri wa wanafunzi wa chuo hicho kwa jina. Piga simu, na usiulize afya peke yake. Uliza amefanya majaribio mangapi na amepata ngapi. Anayeanza kufeli huanza kwa kunyamaza.

Kwa wenye watoto wanaoingia kidato cha kwanza: Sera ya Elimu ya mwaka 2014, toleo la 2023, imeleta mkondo wa amali, ambamo mwanafunzi husoma fani ya ufundi akiwa angali sekondari. Si shule zote zinazo mkondo huo. Walimu wakuu wapo hapa, waulizeni baada ya mkutano.

Nimekuja na nakala ya mwongozo wa udahili na kompyuta yenye intaneti. Kwa ruhusa ya Mheshimiwa Diwani, nitakaa chini ya ule mwembe mpaka saa kumi. Mwenye fomu aliyopewa na wakala aanze yeye, na ambaye ameshalipa asione aibu kuja. Aje na risiti.