KIASI KATIKA NCHI YA DHAHABU
Mazungumzo ya Mratibu wa Miradi na kamati za sharika



Neno langu ni moja: kiasi. Mtume Paulo aliliweka mwishoni mwa orodha ya tunda la Roho alipowaandikia Wagalatia. Karibu miaka 400 kabla yake, Aristotle wa Ugiriki alifundisha kwamba wema hukaa katikati ya makosa mawili. Ukarimu, kwa mfano, uko kati ya ubahili na ubadhirifu. Tena wema huo mtu hazaliwi nao, bali huupata kwa kuutenda mara kwa mara.

Huku Geita na Kahama mchimbaji mdogo aweza kukaa wiki nyingi duarani bila kitu, kisha fedha zikaja zote siku moja. Tukimwambia aache pombe tu, tumemweleza nusu ya jambo. Maana mwenye duara anayebana fedha za magogo ya kuzuia kifusi naye hana kiasi. Huyo ni bahili, na ubahili wake huua watu.

Tazameni mana katika Kutoka 16. Kila mtu alipimiwa pishi yake, na iliyofichwa hadi asubuhi ikaoza. Lakini siku ya sita waliokota maradufu kwa ajili ya Sabato, nayo haikuoza. Basi kiasi hakikatazi akiba. Kiasi kina kipimo chake na siku yake.

Kipimo hicho tunakiona katika vikundi vya kuweka na kukopa, kwa utaratibu ulioanzia Niger mwaka 1991. Katika kila mkutano mwanachama hununua hisa kuanzia 1 hadi 5, basi. Aliyeuza dhahabu jana hawezi kukimeza kikundi, na mama muuza maandazi mwenye hisa moja hafukuzwi. Sanduku lina kufuli 3, na funguo ziko kwa watu 3. Hapo kiasi hakingoji moyo mwema wa mtu mmoja. Kinafanyiwa mazoezi kila wiki, mbele ya wenzake.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Kamati za sharika zilizo karibu na machimbo, fungueni majengo yenu siku za kazi ili vikundi vikutane humo, hata kwa wasio washarika. Nanyi wafadhili, msitie fedha ndani ya sanduku. Lipieni mafunzo, daftari na kufuli. Fedha ya bure ikiingia, watu huacha kuweka yao, na mkopo huonekana zawadi isiyorudishwa. Kutoa kupita kiasi nako ni kukosa kiasi.

Wazee walisema haba na haba hujaza kibaba. Kibaba ni kipimo, na kipimo kina ukingo.