Kiunzi cha Kuunga Uti wa Mgongo

Wiki hii nataka tuzungumze juu ya mgongo.

Huko Misri ya kale, yapata mwaka 1600 kabla ya Kristo, mwandishi mmoja alinakili kwenye mafunjo orodha ya majeraha na namna ya kuyatibu. Leo mafunjo hayo huitwa kwa jina la Edwin Smith, Mmarekani aliyeyanunua Luxor mwaka 1862. Habari ya mtu aliyeumia pingili za shingo, asiyejisikia mikono wala miguu na mkojo unamtoka bila yeye kujua, imeandikwa humo bila kuzungukazunguka: ugonjwa huo haukuwa wa kutibiwa. Zaidi ya miaka 3,500 imepita, na jibu wanalopewa ndugu wa mgonjwa wodini halijabadilika sana.

Kwa nini? Ndani ya zile pingili hupita kamba laini ya neva, unene wake kama kidole cha mwisho, urefu wake sentimeta 45 hivi kwa mtu mzima. Ngozi ikikatika hujiunga, na mfupa vilevile. Kamba hii ikipondeka, seli za pale hufa, hubaki uwazi wenye majimaji, na pembeni huota kovu. Neva zikijaribu kuchipua hukwama hapo, kama basi lililokuta daraja limechukuliwa na mafuriko.

Kwa muda mrefu wataalamu wengi waliamini kwamba neva hizo haziwezi kuota tena. Mwaka 1981, mjini Montreal, Kanada, Samuel David na Albert Aguayo walichukua kipande cha neva ya mguu wa panya, wakakipandikiza kiwe njia ya mchepuko kando ya uti wa mgongo. Neva zikaota ndani yake kiasi cha sentimeta tatu. Kumbe nguvu ya kuota ilikuwapo. Kilichokosekana ni mahali pa kuotea.

Hapo ndipo kinapoingia kiunzi. Ukichukua tishu ya mnyama ukaiondoa seli zote, hubaki kitu kama nyumba iliyohamwa: kuta na nguzo za kolajeni, pamoja na protini zinazozielekeza seli ngeni zikae wapi na zifanye nini. Miaka ya 1980, katika Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, Stephen Badylak alitumia utumbo wa mbwa badala ya mshipa wake mkuu wa damu. Baadaye utumbo ule ulikutwa umegeuka, unafanana na mshipa wenyewe! Tangu hapo watu wamehamia kwenye utumbo wa nguruwe. Huoshwa kwa dawa mpaka seli ziishe, ili mwili wa mgonjwa usiukatae, na madaktari wa upasuaji huutumia kuzibia ngiri na kutibu vidonda sugu.

Najua hapo wapo walioguna. Nguruwe? Vali za moyo za nguruwe zimewekwa vifuani mwa watu kwa miongo mingi, na wanazuoni wengi huruhusu penye dharura. Lakini mimi nasema mgonjwa aambiwe kabla ya kisu, wala si baada.

Kwa mgongo, watafiti wameosha kibofu cha nguruwe, hata uti wa mgongo wake, wakafanya ute wa kudungwa kwa sindano ndani ya ule uwazi, ukagandia humo. Kwa panya, mishipa ya damu na neva huingia kwenye kiunzi hicho. Lakini kuingia siyo kuvuka. Neva lazima itokee upande wa pili na ishikane na mwenzake sahihi, na hapo ndipo kazi ilipolala.

Na kwa binadamu? Januari 2015, China ilianza kupandikiza kiunzi cha kolajeni ya ng'ombe pamoja na seli. Ripoti ya kwanza ilihusu watu watano walioumia siku nyingi. Kwa mwaka mzima hawakuonekana kudhurika, na baadhi walipata nafuu ndogo. Ripoti haikudai kwamba waliinuka wakatembea.

Msikilizaji mmoja ameniuliza kama familia iuze kiwanja impeleke kijana wao ng'ambo, kwenye kliniki inayoahidi mgongo mpya. Jibu langu ni hapana. Utafiti wa kweli kwa kawaida haumtozi mgonjwa gharama ya kinachojaribiwa, wala haumwahidi kutembea. Kama kiwanja lazima kiuzwe, fedha hiyo inunue godoro zuri, kiti cha magurudumu kinachomfaa na mipira ya mkojo, na imlipe mtu wa kumgeuza kila baada ya saa mbili usiku. Vidonda vya kulalia na maambukizo ya njia ya mkojo huwaua watu hawa mapema. Tena hata siku jaribio la kweli litakapotangazwa, mwenye vidonda hivyo huenda akaachwa mlangoni.