Huzuni Isiyoondoka na Faida ya Ushauri Nasaha

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanajumuiya wa Nyamigogo, mkoani Kagera)



Maudhui tuliyopewa kuzungumza mbele yenu ni ugonjwa wa sonona, nasi tunaanza kwa kukiri kosa letu. Miaka michache iliyopita tulikwenda kumtazama ndugu mmoja aliyeacha kuja msikitini. Tulimkuta ameketi nyuma ya nyumba, shamba lake la maharage limemezwa na magugu. Tukamwambia azidishe istighfari, tukaaga, tukaondoka. Hakuna kati yetu aliyemwuliza analalaje, wala moyoni mwake mna nini. Baadaye tukajua kwamba alikuwa hajapata usingizi mzuri kwa miezi miwili. Tulidhani tumemwona mtu wa imani dhaifu, kumbe tulimwona mgonjwa.

Huzuni si dhambi. Kurani Tukufu katika Sura Yusuf inaeleza jinsi Nabii Yakub a.s. alivyomhuzunikia mwanawe mpaka macho yake yakawa meupe kwa majonzi, na hakuna Mwislamu athubutuye kusema Nabii huyo alipungukiwa na imani. Naye Mtume s.a.w. alifiwa na mkewe Bibi Khadija r.a. na ami yake Abu Talib karibu kwa wakati mmoja, hata mwaka ule ukaitwa Mwaka wa Huzuni.

Lakini sonona ni zaidi ya huzuni. Mwenye ugonjwa huu moyo wake huwa mzito karibu kila siku kwa muda wa wiki mbili au zaidi, ama hapendezwi tena na jambo lolote alilokuwa akilipenda. Usingizi humpotea au humzidi, chakula humshinda, hujiona hana thamani, na pengine huanza kufikiri juu ya kifo. Wako wasiolia kabisa. Mwanamume hugeuka mwenye hasira, au huangukia kwenye pombe. Mama hulalamikia kichwa na mgongo, akapimwa malaria mara tatu na isionekane. Majirani nao husema ni jini, au amerogwa.

Mwanachuoni Abu Zaid al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya afya ya mwili na ya nafsi. Humo alitofautisha huzuni yenye sababu inayojulikana na ile inayomjia mtu bila sababu ya kuonekana, akaeleza kwamba nafsi nayo hutibiwa, na maneno mema ni sehemu ya tiba hiyo. Basi anayedai kwamba ushauri nasaha ni jambo la kigeni hajasoma vya kwao.

Mkoa wetu una majeraha yake. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa hapa Kagera mwaka 1983, na nyumba nyingi zikabakiwa na bibi na wajukuu. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao robo milioni walivuka Rusumo kutoka Rwanda kuingia Ngara katika muda wa saa 24 hivi. Walioyaona hayo wangali hai, na wengi hawajaulizwa kamwe.

Sasa twende ng'ambo ya mpaka, Masaka na Rakai nchini Uganda. Mwaka 2002 wataalamu walichagua vijiji 30. Katika baadhi ya vijiji, watu wenye sonona walikusanywa katika vikundi, wanaume mbali na wanawake mbali, wakakutana mara moja kwa wiki, dakika 90, kwa wiki 16. Viongozi wa vikundi walikuwa wenyeji waliofunzwa kazi hiyo, si madaktari. Walizungumza juu ya misiba, ugomvi na mabadiliko makubwa ya maisha. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003: katika vikundi hivyo, chini ya watu 7 kwa kila 100 walibaki na ugonjwa, katika vijiji visivyopata vikundi, zaidi ya nusu walikuwa nao bado.

Tunalitaja jambo hili kwa sababu wengi hudhani msaada uko Dodoma kwenye hospitali ya Mirembe tu. Mshauri husikiliza kuliko anavyosema, hahukumu, wala hamharakishi mgonjwa. Na hutunza siri. Hapa ndipo tuna wasiwasi na nafsi zetu, maana katika vijiji vyetu neno lililosemwa Alasiri hufika kisimani kabla ya Magharibi. Asiyeweza kufunga kinywa chake asijitolee kazi hii.

Ugonjwa ukiwa mkali, mgonjwa apelekwe hospitali. Dawa zipo, ila huchukua wiki kadhaa kabla ya kuleta nafuu, hivyo asiziache siku ya tano. Sala na dua ziendelee; hazigombani na dawa.

Na mtu akikuambia amechoka kuishi, usimkemee. Mwulize wazi kama anafikiri kujiua. Kuuliza hakumtii wazo hilo. Usimwache peke yake. Ondoa nyumbani sumu ya kuulia wadudu wa shambani, kisha fuatana naye mpaka kituo cha afya, usiku huo huo.