Mwenye Kuchagua Vijana Achague kwa Haki



Huku kwetu mashariki ya Kongo, watu wa aina mbili husimama kando ya kiwanja na kuangalia watoto wakicheza. Wa kwanza anatafuta atakayebeba bunduki. Huyo amekatazwa kabisa na sheria yetu ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto. Wa pili anatafuta atakayecheza mpira katika kilabu kubwa. Leo nazungumza nawe kijana unayetaka kuwa huyo wa pili. Ni kazi ya heshima. Lakini ukiifanya vibaya, unamfungulia njia yule wa kwanza.

Sikiliza niliyoyaona. Baba mmoja wa kartie yetu aliniletea karatasi nimsomee, kwa kuwa nilisoma sheria. Mtu aliyejiita meneja alimwahidi mtoto wake wa miaka 16 kilabu ya Ulaya. Baba akauza shamba ili alipe pesa ya viza. Karatasi ile haikuwa na jina la kilabu, na simu ya meneja haikuita tena. Mtoto alikuwa amekwisha kuacha shule, akaona haya kurudi kiwanjani. Mtoto asiye na shule wala shamba, ndugu zangu, ndiye wenye bunduki wanayemtafuta.

Kanuni za FIFA zinakataza mchezaji kuhamishwa toka nchi moja hadi nyingine kabla ya kutimiza miaka 18, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa, kama vile wazazi kuhama kwa jambo lisilohusu mpira. Baba yule angelijua hilo, shamba lake lingekuwapo.

Sasa wewe, uanzie wapi? Kwanza ujue kutofautisha kazi mbili. Mtafuta wachezaji anaitumikia kilabu: anaangalia, anaandika, anatoa ripoti. Ajenti anapatanisha mkataba, na tangu mwaka 2023 lazima awe na leseni ya FIFA, ambayo hupatikana kwa mtihani. Hakuna kati yao mwenye haki ya kumdai mzazi pesa ili mtoto "aonekane".

Anza hapo kartie. Msaidie kocha, shika daftari. Andika tarehe, kiwanja, nafasi ya mchezaji, mguu anaoutumia. Usimhukumu kwa mchezo mmoja. Mwangalie akiwa nyumbani, akiwa ugenini, na siku timu yake inapofungwa. Tazama kama anageuza kichwa kuangalia wenzake kabla mpira haujamfikia. Tazama anafanya nini akiisha kunyang'anywa. Kisha ongea na mwalimu wake na mama yake. Daftari la miaka miwili, lenye ukweli, ndilo litakalokufungulia mlango wa kilabu.

Pili, usichague kwa kabila. Mbwana Samatta ni Mtanzania. Mwaka 2011 alikuwa Simba ya Dar es Salaam, ikakutana na TP Mazembe ya Lubumbashi katika mashindano ya kilabu za Afrika. Mazembe wakamwona mpinzani mwenye uwezo, wakamchukua. Mwaka 2015 akafunga katika fainali, na Mazembe ikawa bingwa wa Afrika. Ikiwa watu wa Lubumbashi waliweza kumtafuta mgeni aliyecheza dhidi yao, kwa nini wewe umpite kijana wa mtaa wa pili kwa sababu ya lugha ya mama yake? Anayeachwa kwa jina lake hasahau.

Tatu, usiguse umri. Wako wanaompunguzia mchezaji miaka ili auzike. Huo ni uongo wa karatasi, na siku ukigunduliwa, mchezaji ndiye anayeaibika mbele ya watu. Wazazi, mwandikisheni mtoto komine katika siku 90 baada ya kuzaliwa. Karatasi hiyo inamlinda mbele ya meneja mwongo, na hata mbele ya mwenye bunduki anayedai kwamba mtoto ni mtu mzima.

Nne, linda haki ya kilabu ndogo. Mchezaji akihamishwa toka nchi moja hadi nyingine mkataba wake ukiwa haujaisha, asilimia 5 ya malipo hugawiwa kilabu zilizomfundisha tangu miaka 12 hadi 23. Tuseme malipo ni dola 1,000,000. Kilabu iliyomfundisha katika msimu wa miaka 14 na ule wa miaka 15 inapaswa kupata dola 5,000. Kwetu hiyo ni mipira, viatu na karo ya watoto wengi. Lakini kilabu isiyomwandikisha mchezaji haitakuwa na ushahidi. Basi uwakumbushe viongozi waandike.

Ndugu kijana, mchezaji si mali yako. Ukimwambia mtoto, "Bado hujafika, rudi shuleni, nitakuja tena," umefanya kazi yako vizuri. Nawe urudi kweli.

Katika makundi yenu zungumzeni juu ya jambo hili: katika timu yetu, nani anachagua wachezaji, na anafuata nini?