Mlango wa Bweni na Usalama wa Watoto Wetu

(Hotuba iliyotolewa na mwanachama katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, bwalo la shule. Inachapishwa hapa kwa maombi ya wanachama waliohudhuria na wale ambao hawakuweza kufika.)



Nimeombwa nizungumze juu ya usalama wa wanafunzi. Nitajitahidi kuwa mfupi, maana harufu ya pilau inayotoka jikoni imekwisha kuanza kushindana nami, na mimi najua nani atashinda.

Karibu sote tuliokaa upande huu wa bwalo ni wazazi. Zamani tulipokutana tulitaniana juu ya uji wa asubuhi na paredi ya Jumamosi. Siku hizi tukisha kujuliana hali, swali la pili ni juu ya watoto: wa kwako amepangiwa shule gani? Ni ya kutwa au ya bweni? Nani analala nao? Mzazi anayempeleka mtoto shule ya serikali hachagui jengo, hachagui mlinzi, wala hachagui jirani wa kitanda. Anamkabidhi mwanawe, anarudi nyumbani, na usiku anaomba Mungu.

Leo Kamati imetuletea pendekezo kwamba fedha tulizochanga zitumike kujenga ukuta upande wa barabara kuu, na zitakazobaki ziongeze nondo katika madirisha ya mabweni. Nimesimama kuomba jambo moja. Ukuta siupingi. Lakini nondo nazipinga, na ninaomba ukuta usubiri mpaka tumalize kazi nyingine, ambayo nitaieleza.

Ndugu zangu, sitaki mtu afikiri kwamba nadharau hofu ya wanaotaka ukuta. Hofu hiyo ina sababu. Mwezi Julai 1991, katika shule ya St. Kizito huko Meru, Kenya, wavulana waliwavamia wasichana wa shule hiyo hiyo usiku bwenini, na wasichana 19 wakafa. Mwezi Juni 2023 watu wenye silaha waliivamia shule ya sekondari ya Lhubiriha huko Mpondwe, Uganda, karibu na mpaka wa Kongo, wakaua wanafunzi zaidi ya 30. Mzazi aliyesikia habari za namna hiyo ana haki ya kuuliza kama kuna uzio.

Lakini hebu tuzitazame pia habari za moto, kwa sababu katika shule za bweni za Afrika Mashariki moto umerudi mara nyingi mno.

Hapa kwetu, mwezi Juni 1994, bweni la shule ya sekondari ya Shauritanga, wilaya ya Rombo, liliteketea na wasichana 42 wakafa. Mwezi Agosti 2009 wasichana 12 walikufa katika bweni la Idodi, mkoa wa Iringa. Ilielezwa kwamba moto ulitokana na mshumaa wa mwanafunzi aliyekuwa akijisomea. Mwezi Septemba 2020 watoto 10 walikufa katika shule ya msingi ya Byamungu huko Kyerwa, mkoa wa Kagera. Kwa jirani zetu Kenya, mwezi Machi 1998, wasichana 26 walikufa Bombolulu, huko Pwani. Mwezi Machi 2001, wavulana 67 walikufa Kyanguli, Machakos, katika bweni lililomwagiwa petroli na kuwashwa.

Naomba tutulie kidogo hapo Kyanguli, kwani lilikuwa bweni la wavulana kama haya yetu. Bweni lile lilikuwa na milango miwili. Mmoja ulikuwa umefungwa kwa kufuli. Madirisha yalikuwa na nondo. Petroli iliwashwa na mkono wa mtu, na mtu huyo ana hatia yake. Lakini kufuli na nondo ziliwekwa na watu wema, kwa ajili ya usalama. Kila mzazi aliyefika kumtembelea mwanawe kabla ya siku ile aliziona, na yawezekana alifurahi kuziona.

Hilo ndilo jambo linaloninyima usingizi. Nondo haina akili ya kutofautisha mwizi anayeingia na mtoto anayetoka. Kufuli haijui kwamba leo usiku kuna moshi.

Vijana wetu, sikilizeni vizuri hapa, maana sehemu hii inawahusu kuliko sisi. Katika moto wa bweni, mara nyingi moshi huua kabla ya ndimi za moto kumfikia mtu. Magodoro yetu ya sponji hushika moto upesi na kutoa moshi mzito wenye sumu. Moshi huo hupanda juu kwanza, kwa hiyo anayelala kitanda cha juu huupata mapema. Baada ya dakika chache tu taa haionekani tena, na aliyesimama wima anapumua sumu. Hewa iliyo afadhali imebaki chini, karibu na sakafu. Kwa hiyo mtu atambae. Asirudi kuchukua tranka, asirudi kuchukua madaftari, asitafute viatu.

Sasa fikirini vijana 80 gizani, wote wanauelekea mlango mmoja ambao hufunguka kwa kuvutwa ndani. Wa kwanza akiufikia hawezi kuuvuta, kwa sababu walio nyuma yake wanamsukuma. Kwa hiyo mlango mzima usio na kufuli unaweza kuwa umefungwa kabisa, na waliokufunga ni rafiki zako wanaotaka kuishi kama wewe.

Mtu ataniuliza: je, zimamoto wako wapi? Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lipo, namba yake ni 114, na kila mmoja aliyemo humu aijue. Lakini gari la zimamoto linatoka mjini, nasi sote tumepita barabara ile leo asubuhi. Dakika za mwanzo ni za waliomo ndani, za kiranja wa bweni na mwalimu wa zamu. Gari likifika, kazi ya kuokoa watu imekwisha fanyika au imekwisha shindikana.

Baada ya misiba ile, Wizara ya Elimu ya Kenya ilitoa mwaka 2008 kitabu cha viwango vya usalama mashuleni. Mambo yake ni mepesi kueleweka. Bweni liwe na mlango kila upande, na mlango wa dharura katikati. Milango ifunguke kwa nje, iwe na upana usiopungua futi 5, isifungwe kamwe watoto wakiwa ndani. Madirisha yasiwe na nondo. Kati ya kitanda na kitanda iwepo nafasi ya mita 1.2. Hakuna hata moja katika hayo linalohitaji mtaalamu kutoka ng'ambo. Fundi seremala na fundi wa kuchomelea wanatosha.

Hata hivyo, mwezi Septemba 2017 wasichana 10 walikufa kwa moto wa bweni katika shule ya Moi Girls, Nairobi. Mwezi Septemba 2024 watoto 21 walikufa Endarasha, Nyeri, katika shule ya binafsi. Kitabu kilikuwepo. Ndugu zangu, kitabu hakifungui mlango. Mlango unafunguliwa na mtu aliyekwenda kuujaribu.

Juzi, kwa ruhusa ya Mkuu wa Shule, nilizunguka mabweni yote pamoja na Ndugu Katibu na mwalimu wa malezi. Nataka niseme hadharani kwamba Mkuu wa Shule hakuficha kitu. Yeye mwenyewe ndiye aliyeshika tochi. Tulikuta mabweni safi, na vitanda vimetandikwa vizuri kuliko tulivyotandika sisi. Lakini tulikuta pia milango ya nyuma ambayo mbele yake yamepangwa matranka, kwa sababu hayana pahali pengine. Tulikuta nondo katika kila dirisha. Tulikuta soketi moja iliyobeba waya za watu wengi. Katika bweni nililolala mimi, mlango wa nyuma una komeo kwa nje.

Nilipouliza kwa nini, nilijibiwa kwa haki: vijana hutoroka usiku kwenda mjini, na wezi huingia kuiba magodoro. Sababu zote mbili ni za kweli. Wazee waliomo humu wanajua njia ya kupitia shamba la mihogo, na sitawataja kwa majina mbele ya watoto. Hata hivyo, godoro lililoibwa hununuliwa jingine. Kijana aliyetoroka hurudi, huadhibiwa, huonywa, na pengine miaka thelathini baadaye huja hapa kuwa mgeni rasmi.

Kwa hiyo napendekeza fedha zetu zitumike kwa utaratibu ufuatao.

Kwanza, milango yote ya mabweni igeuzwe ifunguke kwa nje, na komeo za nje zing'olewe. Komeo ya ndani, ambayo hufunguka kwa mkono bila ufunguo, inatosha kumzuia mwizi.

Pili, nondo katika madirisha ya kila bweni ziondolewe. Na palipo na hofu kubwa ya wezi, basi zitiwe katika fremu yenye bawaba, inayosukumwa kwa nje na kufunguliwa kwa komeo ya ndani. Mwizi aliye nje ataikuta imefungwa, na mtoto aliye ndani ataisukuma.

Tatu, kijengwe chumba cha matranka, ili njia za kupita ziwe wazi. Nne, fundi wa umeme aliyesajiliwa azipitie nyaya zote, na iwekwe sehemu moja ya kuchajia taa, nje ya mabweni, chini ya usimamizi. Tano, vinunuliwe vizima moto, ndoo za mchanga, na kengele moja ya hatari isiyotumika kwa kazi nyingine yoyote.

Yakisha kamilika hayo, kilichobaki kijenge ukuta, hata kama ni matofali ya msingi tu. Mwaka ujao tutachanga tena.

Kuna kazi nyingine zisizohitaji fedha. Kila muhula lifanyike zoezi la kutoka usiku, bila kutangazwa, na watoto wahesabiwe uwanjani kwa majina. Orodha ya kila bweni ikae kwa mwalimu wa zamu, nje ya bweni. Asiyejua idadi ya waliolala hawezi kujua nani hajatoka.

Jambo la mwisho ni gumu kidogo. Moto mwingine huwashwa na wanafunzi wenyewe. Mwaka 2016, huko Kenya, shule zaidi ya 100 zilichomwa moto kwa muda wa miezi michache. Vijana, nawaambia kwa upendo na bila kuficha: anayewasha kiberiti bwenini anawachoma walalao, si uongozi. Na walimu wangu, nawaomba kwa heshima: mtoto mwenye malalamiko apewe pahali pa kuyasema kabla hayajachacha. Baraza la wanafunzi likutane, na majibu yatolewe, hata kama jibu ni kwamba haiwezekani. Tena asemaye asiadhibiwe kwa kusema.

Na sisi wazazi je? Tangu Januari 2016 Serikali iliondoa ada hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 ikaiondoa kwa kidato cha tano na cha sita. Ni jambo jema. Lakini wengi wetu tumechukulia kwamba kwa kuwa hatulipi ada, hatuna la kuuliza. Tunakwenda siku ya kutembelea watoto na kuku wa kukaanga, tunakaa chini ya mti, tunauliza juu ya hisabati, tunaondoka. Nawasihi: mara nyingine mkienda, mwombeni mwalimu ruhusa kwa adabu, mwingie bwenini, mkaujaribu mlango. Usukumeni kwa mkono wenu. Ukikataa kufunguka mchana mkiwa wawili, jiulizeni utakuwaje usiku wakiwa themanini.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tumeanza kwa kupanga ukuta huku ufa tunauona. Ndugu Mwenyekiti, naomba pendekezo la Kamati lirekebishwe kama nilivyoeleza, na naomba lipigiwe kura leo hii, kabla ya chakula. Watoto hawa watalala humo usiku wa leo. Ile komeo ya nje katika bweni langu la zamani haihitaji mchango wala kura. Nimekuja na bisibisi, iko garini, na Mkuu wa Shule amekwisha niruhusu.