Mkanda wa bunduki kwa askari wa doria

Ndugu askari wa wanyamapori unayekwenda doria kwa miguu, kipindi hiki ni chako. Bunduki ya kilo 4 ikining'inia kwenye mkanda mwembamba itakuumiza bega kabla ya adhuhuri. Chagua wenye upana wa sentimita 3 au zaidi. Ngozi hukaa vizuri begani, ila ikilowa mvua hulegea, na isipopakwa mafuta hupasuka. Nailoni haiozi, lakini huteleza. Tafuta ile yenye mpira upande wa ndani.

Kabla ya kuufunga, toa risasi zote, kagua chemba. Kisha vuta kwa nguvu penye pete na mishono, maana hapo ndipo mikanda huachia.

Ukiingia kichaka kizito, uvue kabisa. Tawi likiunasa nyati anapokurupuka, bunduki haitafika begani kwa wakati.